Dai na Mdaiwa Wake

Neno dai lina makazi mawili katika lugha yetu. Makazi yake ya kwanza ni mahakamani, ambako mtu husimama mbele ya hakimu au kadhi akasema kuwa fulani amemdhulumu, au amemkopa asimlipe, au amesogeza mpaka wa shamba lake. Makazi yake ya pili ni katika kazi za elimu, ambako mwandishi hutangulia kusema kwa sentensi moja lile atakalolithibitisha kwa kurasa nyingi. Wanafunzi wengi huyajua makazi haya ya pili kama desturi ya chuo kikuu tu: sentensi inayotakiwa na msahihishaji, iwekwe mwisho wa utangulizi, kisha isahauliwe. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kuwa makazi mawili hayo ni nyumba moja yenye milango miwili, na kwamba mtu aandikaye juu ya sera ya elimu hawezi kuingia kwa mlango wa pili bila ya kukutana na mashitaka ya mlango wa kwanza.

Sababu yake ni hii. Mtu akidai kuwa nyota fulani iko mbali kuliko nyota nyingine, hakuna nyota itakayofedheheka. Akidai kuwa watoto wa kijiji fulani hawajui hisabati, tayari amekwisha kumshitaki mtu. Ama amewashitaki watoto kwa uvivu, au wazazi kwa uzembe, au walimu kwa ujinga, au wenye mamlaka kwa uamuzi wao. Dai la sera ya elimu daima lina mdaiwa, hata kama mwandishi hakumtaja. Na asipomtaja, msomaji humtafuta mwenyewe, na mara nyingi mzigo humwangukia aliye mnyonge kuliko wote. Makadhi wana kanuni ya kale isemayo kuwa ushahidi ni juu ya mdai. Ni kanuni nzuri kwa mtafiti pia. Kulisafisha dai la utafiti, kulipunguza, kulielekeza na kulipa mipaka, ni kazi ya uadilifu kabla ya kuwa kazi ya ufundi wa lugha.

Kisiwa cha Unguja kina mfano wake wa zamani, na si vibaya kuutazama kwanza, kwa kuwa yaliyopita huonekana vyema kuliko yaliyo mbele ya pua. Skuli za serikali zilianza hapa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Zilipopelekwa vijijini, maafisa wa elimu wa zama za himaya ya Waingereza walikuta mara kwa mara mabenchi yasiyokaliwa. Waliandika, kwa maneno mbalimbali lakini kwa maana moja, kuwa mzazi wa shamba haoni faida ya elimu. Lilikuwa dai fupi, jepesi kukumbukwa, na ushahidi wake ulionekana kwa macho: watoto hawakuja. Walakini watoto wale wale walikuwa wamekaa juu ya majamvi chuoni, wakisoma Kurani kwa mwalimu ambaye wazazi wao walimtunza kwa ada na kwa hidaya. Wazee waliojua kuandika waliandika barua zao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ilhali skuli mpya ilikuja na herufi za Kirumi. Watu waliokuwa wakiigharimia elimu walihukumiwa kuwa hawaipendi elimu.

Baada ya mvutano wa miaka mingi serikali ilikubali kuiingiza Kurani na walimu wake katika skuli zake, na hapo ndipo mahudhurio ya shamba yalipoanza kupata nguvu. Mwenye kutaka kuyasoma mambo haya kwa urefu anaweza kukitazama kitabu cha Roman Loimeier, kilichotoka mwaka 2009, juu ya elimu ya Kiislamu katika Zanzibar ya karne ya 20. Mimi nataka tuzitazame sentensi mbili tu. Ya kwanza yasema: wazazi wa shamba hawataki elimu. Ya pili yasema: wazazi wa shamba hawataki skuli inayomtoa mtoto katika Kurani. Tofauti yake ni maneno machache. Lakini ya kwanza inamshitaki mzazi na haina dawa, maana mtu asiyetaka elimu atatibiwa kwa nini? Ya pili inaishitaki skuli, na dawa yake imo ndani yake. Miaka mingi ilipotea katika safari ya kutoka sentensi ya kwanza kwenda ya pili, na miaka ya skuli haipotei peke yake; hupotea pamoja na watoto.

Mawazo haya yalinijia kwa nguvu kwa sababu ya kazi ya mwalimu mmoja kijana, mwanamke, aliyekuwa akisomesha darasa la tano katika skuli moja ya kusini mwa Unguja na huku akisoma chuo kikuu. Ilikuwa katika miaka ambayo Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kufika madarasani. Siku za kazi alikuwa shamba. Jumamosi alipanda gari ya abiria mpaka Darajani, akapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akaja kukaa barazani kwangu na daftari lake. Alitakiwa kuandika makala ya utafiti juu ya sera ya elimu, na kila Jumamosi alikuja na sentensi moja. Sikumpa sentensi yangu. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza maswali ambayo mdaiwa angemwuliza.

Jumamosi ya kwanza alisoma hivi: "Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 imeshindwa."

Nilimwuliza, "Imeshindwa nini, mwanangu?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Alijua kuwa sera ile ni waraka wenye mambo mengi. Iliingiza elimu ya maandalizi katika mpango wa elimu ya msingi. Ilipunguza miaka ya skuli ya msingi kutoka 7 hadi 6. Iliamua kwamba hisabati na masomo ya sayansi yafundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano, badala ya Kiswahili. Kila jambo katika haya lina historia yake, gharama yake na watu wake. Mtu anayesema kuwa yote yameshindwa analazimika kuleta mashahidi wa yote. Na asipoweza, mdaiwa atatoka mahakamani akitembea polepole, hana hata jasho. Wahenga walisema kuwa mtaka yote hukosa yote. Aliifuta sentensi hiyo mwenyewe, akasema atarudi na jambo moja: lugha ya hisabati katika darasa la tano, ambalo ndilo darasa lake.

Jumamosi ya pili sentensi ilikuwa imepungua upana na imeongezeka ukali: "Wanafunzi wa darasa la tano hawafahamu hisabati kwa sababu walimu hawajui Kiingereza."

Aliisoma mara moja, akaisoma tena kwa sauti ya chini. Kisha akasema maneno ambayo bado nayakumbuka. "Maalim, hapa nimejishitaki mwenyewe. Mimi nilisoma hisabati ya msingi kwa Kiswahili. Nikasomesha kwa Kiswahili. Siku moja nikaambiwa kuwa sasa ni kwa Kiingereza. Kama sijui, nani aliyetakiwa anijuze kabla ya siku hiyo?"

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko kurasa zake zote za awali. Si kwamba sentensi ilikuwa ya uongo. Huenda walimu wengi walikuwa na upungufu wa Kiingereza, na yeye hakuogopa kulisema hilo. Lakini sentensi ilisimama kwenye kituo cha kati kana kwamba ndio mwisho wa safari. Mwalimu hakujiamulia lugha ya kusomeshea, wala hakujipangia mafunzo. Sentensi iliyomtaja yeye peke yake iliwasaza wote waliokuwa nyuma yake. Hapa pana kanuni ambayo mwanafunzi yeyote wa sera anaweza kuichukua: ukifika kwa mtu wa chini kabisa katika ngazi ya mamlaka, usiweke nukta, uliza ni nani aliyemweka hapo, na alimpa nini mkononi.

Basi Jumamosi ya tatu mdaiwa alibadilika. Aliandika: "Uamuzi wa kusomesha hisabati kwa Kiingereza tangu darasa la tano ndio unaowafelisha watoto." Mdaiwa sasa ni uamuzi, na si mtu. Hii ni hatua kubwa, kwani uamuzi unaweza kubadilishwa bila ya mtu kudhalilishwa. Walakini pale ambapo dai lilipata mdaiwa sahihi, lilianza kudaiwa lenyewe. Je, watoto hawakuwa wakifeli hisabati kabla ya uamuzi huo? Walikuwa wakifeli. Je, sera hiyo hiyo haikupunguza mwaka mmoja wa skuli ya msingi, hata mtoto akapaswa kumaliza kwa miaka 6 njia iliyokuwa ya miaka 7? Ilipunguza. Je, skuli nyingi hazina wanafunzi wengi mno, nyingine zikasomesha kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana? Ndivyo. Sababu hizi zote zimefungamana kama nyuzi za kamba, na mtu hawezi kuuelekeza kidole uzi mmoja akasema kuwa huo peke yake ndio uliovuta ndoo. Ilikuwa lazima neno "ndio" litoke, na mahali pake lije neno lenye staha zaidi.

Kisha nilimwomba afanye jambo ambalo wanafunzi wengi hulichukia: amtetee mdaiwa. Nilimwambia aandike ukurasa mmoja kwa niaba ya waliotunga sera, na auandike vizuri kiasi cha wao wenyewe kuukubali. Aliuandika. Alieleza kuwa kabla ya sera ile mtoto wa Zanzibar alisoma skuli ya msingi yote kwa Kiswahili, kisha akafika kidato cha kwanza akakuta masomo yamegeuka Kiingereza kwa siku moja, isipokuwa Kiswahili chenyewe, Kiarabu na dini. Palikuwa na kizingiti kirefu kati ya skuli ya msingi na sekondari, na watoto wengi walijikwaa hapo. Waliotunga sera walikiona kizingiti hicho, na walitaka kukipunguza kwa kuanza mapema na masomo machache. Hawakuwa wendawazimu, wala hawakuwa maadui wa Kiswahili. Walikuwa na ugonjwa halisi mbele yao, wakachagua dawa.

Alipomaliza ukurasa huo, dai lake lilipata uti wa mgongo. Hakuhitaji tena kusema kuwa uamuzi ulikuwa mbaya. Aliweza kuupima kwa kipimo chake wenyewe: ulitaka kuondoa kizingiti, je, umekiondoa, au umekihamisha? Kama mtoto aliyekuwa akijikwaa akiwa mkubwa wa kidato cha kwanza sasa anajikwaa akiwa mdogo wa darasa la tano, basi kizingiti kipo; kimebebwa tu kutoka mlango wa sebuleni kikawekwa mlango wa uani. Dai la namna hii ni la haki kwa sababu halimhukumu mdaiwa kwa sheria ya mgeni. Linamhukumu kwa ahadi yake mwenyewe.

Nilidhani safari imekaribia mwisho. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na uso mzito. Alikuwa amewasikiliza wazazi wa watoto wake, na baba mmoja, mvuvi, alimwambia hivi: "Mwalimu, usije ukaandika kuwa sisi hatutaki Kiingereza. Hoteli zimejaa pwani yetu yote, na kazi nzuri wanachukua watoto wa watu wengine. Mimi wangu nataka akijue." Yule mwalimu alikuwa amefadhaika. Alisema, "Maalim, dai langu likishinda, nitakuwa nimemnyang'anya mtoto wa mtu kile ambacho baba yake anamtakia. Nitakuwa kama wale walioandika kuwa mzazi wa shamba hajui analolitaka."

Hapa ndipo palipokuwa na jambo la kuogopwa hasa, na nilifurahi kuwa aliliogopa. Mtafiti asiyetetemeka mbele ya mtu wa namna hiyo hastahili kuandika juu ya watoto wake. Hatukumjibu mvuvi yule kwa nadharia. Tuliyachukua maneno yake kama alivyoyasema, tukayaweka kando ya maneno ya sera, tukayasoma polepole. Mvuvi alitaka mtoto wake afundishwe Kiingereza. Sera iliamua mtoto afundishwe kwa Kiingereza. Kati ya matakwa ya baba na uamuzi wa serikali palikuwa na silabi moja: kwa. Lugha yetu, kwa ukarimu wake, imeweka tofauti kubwa ndani ya neno dogo. Kufundishwa Kiingereza ni kupewa jembe. Kufundishwa kwa Kiingereza ni kutakiwa ulime kwa jembe ambalo bado hujalipata. Baba akitaka jembe, haifuati kuwa ametaka mtoto alime kwa mikono mitupu.

Tangu siku hiyo dai halikuwa tena vita kati ya Kiswahili na Kiingereza, vita ambavyo katika nchi yetu huwasha moto mwingi na kutoa mwanga kidogo. Lilikuwa swali la mpango: ni lini na kwa njia gani mtoto apate Kiingereza cha kumfaa, bila ya kulipa hisabati yake kuwa bei? Swali hilo haliwahusu Waunguja peke yao. Mwaka 1953 UNESCO ilitoa ripoti juu ya matumizi ya lugha za kienyeji katika elimu, ikashauri kuwa mtoto aanze kusomeshwa kwa lugha ya mama yake na aendelee nayo kadiri inavyowezekana. Huko Nigeria, kuanzia mwaka 1970, Babs Fafunwa na wenzake wa Ife walilipeleka jambo hilo kwenye mizani. Kundi moja la watoto lilisomeshwa kwa Kiyoruba miaka yote 6 ya msingi, na Kiingereza likafundishwa kama somo. Kundi jingine likafuata utaratibu wa kawaida wa kugeukia Kiingereza katikati ya njia. Waliosomeshwa kwa Kiyoruba hawakuwa nyuma. Walifanya vyema katika masomo yao, na hata Kiingereza hakikuwapotea. Nilimwonyesha mwanafunzi wangu mfano huo si kwa sababu ya matokeo yake tu. Nilitaka aone namna dai lilivyotungwa kiasi kwamba lingeweza kushindwa. Kama kundi la Kiyoruba lingeanguka, wale wenye dai wangenyamaza. Dai lisiloweza kushindwa kwa ushahidi wowote haliwezi kusemwa kuwa limeshinda kwa ushahidi wowote.

Nchi yetu ina sababu zaidi ya nyingine ya kulipima jambo hili kwa utulivu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikafanya kazi juu ya msingi huo. Mtoto wa Tabora na mtoto wa Kisumu wamesoma vitabu vilivyosanifiwa kwa lugha ya kisiwa hiki. Sisemi kuwa heshima hiyo ni ushahidi. Fahari haithibitishi kitu. Nasema tu kuwa hapa hatuna udhuru wa upungufu wa lugha ya kusomeshea.

Nimpe msomaji mfano mmoja alionisimulia mwalimu yule, ili aone alikuwa akitafuta nini. Aliandika ubaoni kwa Kiingereza swali la sehemu: tafuta nusu ya robo. Msichana mmoja alisimama, akalisoma swali vizuri, matamshi yake yakawa safi, kisha akabaki kimya. Mwalimu alingoja. Halafu, kinyume na utaratibu, akamwuliza kwa Kiswahili: "Nusu ya robo ni nini?" Mtoto akajibu bila ya kufikiri: "Thumuni." Alilipata neno hilo kwa bibi yake, ambaye hugawa na kupima vitu vyake kila siku. Hisabati ilikuwamo kichwani mwa mtoto. Skuli ilikuwa imebisha hodi kwenye mlango ambao si wake, kisha ikaandika kuwa nyumbani hamna mtu.

Mtoto mmoja si ushahidi wa sera, na mwalimu yule hakumfanya kuwa hivyo. Lakini alimwonyesha mahali pa kutazama na namna ya kutazama. Alitunga maswali machache ya hisabati, akayaandika kwa lugha zote mbili, akapanga kuwa watoto wapewe maswali yenye uzito mmoja, mara kwa Kiingereza na mara kwa Kiswahili. Pia alipanga kuzilinganisha skuli mbili: ya kwake ya shamba na nyingine ya mjini, ambako watoto wengi zaidi husikia Kiingereza nje ya darasa na wengine hulipiwa masomo ya ziada. Kabla ya kuanza aliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake mambo ambayo yangemshinda. Kama watoto wangefanya sawa kwa lugha zote mbili, basi lugha si kizingiti, na atafute sababu nyingine. Kama watoto wa mjini na wa shamba wangepungukiwa sawasawa, basi maneno yake juu ya mzigo usiolingana yaondolewe. Nilimwambia autie saini ukurasa huo na aandike tarehe. Mtu huweza kumdanganya msahihishaji, lakini ni vigumu kuidanganya saini yake mwenyewe.

Dai lake la mwisho kabla ya kwenda uwanjani lilikuwa hili: "Katika skuli mbili za Unguja zilizochunguzwa, uamuzi wa mwaka 2006 wa kufundisha hisabati kwa Kiingereza tangu darasa la tano unaelekea kukihamisha kizingiti cha lugha kutoka sekondari kwenda skuli ya msingi badala ya kukiondoa, na mzigo wake unaelekea kuwa mzito zaidi kwa watoto ambao darasa ndilo mahali pao pekee pa kukutana na Kiingereza." Mtu anayependa maneno makubwa ataona kuwa sentensi hii imejaa woga: skuli mbili, unaelekea, zaidi. Mimi naona ushujaa ndani yake. Kila neno la mpaka ni mahali ambapo mwandishi amekubali kukaguliwa. Ile ya kwanza, iliyosema kuwa sera imeshindwa, ilikuwa na sauti ya radi, lakini hakuna mtu ambaye angeweza kufanya jambo lolote baada ya kuisikia. Hii ya mwisho inamwambia mwenye mamlaka atazame wapi, na inamwacha mwalimu asimame mbele ya darasa lake bila ya aibu asiyostahili, na inamwambia mvuvi wa pwani kuwa matakwa yake yamesikiwa kama alivyoyasema.

Makala yenyewe ilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo alivyoiandika, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya mahali alipokuwa akisoma. Lakini kila neno la dai lile lilifikiriwa kwanza kwa Kiswahili, na tofauti ya silabi moja iliyolibeba isingeonekana upesi katika lugha nyingine. Mwanafunzi mwenye akili iliyokomaa, aliyekwisha kusoma Kiingereza miaka mingi, alihitaji lugha yake ili afikiri sawasawa juu ya jambo gumu. Msomaji ataamua mwenyewe ni nini cha kumtarajia mtoto wa darasa la tano.

Kwa wanafunzi watakaosoma kurasa hizi huku wakitafuta sentensi zao wenyewe, nina nasaha chache ambazo si ngumu kushika. Mtaje mdaiwa wako, na uhakikishe kuwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuamua. Mtetee vizuri kabla ya kumshitaki. Mpime kwa ahadi yake. Wasikilize watu ambao ushindi wako utawagusa, hasa wale ambao hawatasoma makala yako. Andika mapema ni kitu gani kitakachokushinda. Halafu ufute kila neno ambalo huna shahidi wake.

Neno la mwisho ambalo mwalimu yule alilifuta lilikuwa jina la nchi. Katika kichwa cha makala yake alikuwa ameandika Zanzibar. Akalitoa, akaandika Unguja, kwa sababu Pemba hakufika. Skuli za Wete na Chake Chake zina watoto, walimu na vizingiti vyao, na hakuona haki kuwasemea watu ambao hakuwasikiliza. Pemba inangoja mdai wake, na huenda ni mmoja wa wanaosoma maneno haya.